Bima ya gari: kutoka karatasi hadi namba ya gari

Leo tuiangalie karatasi ya bima. Jimbo la Massachusetts, Marekani, liliwalazimisha wenye magari kuwa na bima kuanzia 1927. Uingereza ikafuata kwa sheria ya 1930. Kwa miaka mingi uthibitisho ulikuwa karatasi tu.

Mwaka 2013 California ikaanza kuruhusu dereva aonyeshe bima kwenye simu. Hapo ndipo pana utamu. Karatasi ina bima peke yake, lakini simu ina meseji, picha, hata mambo ya benki. Waliotunga sheria hiyo waliliona hilo: afisa haruhusiwi kutazama kitu kingine chochote ndani ya simu. Ila simu ikiharibika mkononi mwake, hasara ni ya dereva! (Mimi hapo ningetoa karatasi.)

Tena, sisi waandishi wa programu tunajua kwamba picha ya cheti kwenye simu ni karatasi ile ile. Haijui kama bima ilifutwa jana. Anayejua ni hifadhidata ya makampuni ya bima. Ufaransa imefika huko: tangu Aprili 1, 2024 stika ya kijani haitakiwi tena kwenye kioo cha mbele, polisi huangalia namba ya gari kwenye rejista. Humpi mtu simu yako.

Na data ikichelewa kuingizwa? Mteja mpya hupewa cheti cha muda cha siku 15. Anaweza kukichapisha kwenye karatasi.