Upinde Wodini

Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mtu aliyevunjika uti wa mgongo akapooza hakutarajiwa kuishi. Wengi walifariki katika miaka miwili ya mwanzo, wakimalizwa na vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo. Walifungwa plasta, wakalazwa pembeni, wakasubiriwa.

Februari 1944, Uingereza ikijiandaa kupokea majeruhi wa vita, kilifunguliwa kituo cha wagonjwa wa aina hii katika hospitali ya Stoke Mandeville, karibu na Aylesbury. Alikabidhiwa Ludwig Guttmann, daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1939 na familia yake.

Amri yake ya kwanza ilikuwa nyepesi kuitamka, nzito kuitekeleza: kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Mwenyewe alizunguka wodini usiku wa manane kuhakikisha. Vidonda vikaanza kufunga, vifo vikapungua. Likabaki swali zito zaidi. Kijana wa miaka 20 ambaye hatatembea tena, na sasa ataishi, aishi kwa ajili ya nini?

Siku moja Guttmann aliwakuta wagonjwa wamekalia viti vya magurudumu, wanafukuzana na kisahani kwa fimbo za kutembelea. Daktari mwingine angewakaripia. Yeye aliingia mchezoni pamoja na mkufunzi wa mazoezi wa kituo. Mchezo huo ulipoonekana wa hatari, wakahamia mpira wa pete, kisha upinde na mshale.

Upinde haukuchaguliwa ovyo. Anayeuvuta akiwa ameketi, na hana nguvu kuanzia kiunoni kwenda chini, hana budi kukishikilia kiwiliwili chake kisipinduke. Mabega yanakaza, mikono inapata nguvu, mwili unajifunza upya kukaa wima. Tena anaweza kushindana na mtu aliyesimama bila kuhurumiwa. Hilo la mwisho, kwa maoni yangu, ndilo lililoponya zaidi.

Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile ya ufunguzi wa Olimpiki ya London, wapiga mishale 16, wanaume 14 na wanawake 2, walishindana kwenye uwanja wa hospitali. Waholanzi walijiunga na mashindano hayo mwaka 1952. Roma, mwaka 1960, ilipokea wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 23, katika mashindano yanayohesabiwa leo kuwa Paralimpiki ya kwanza. Kenya iliingia mwaka 1972, huko Heidelberg.

Medali zinakumbukwa, walioshika upinde kando ya mgonjwa husahaulika. Nchini Marekani kazi hiyo ya kutibu kwa michezo imekuwa taaluma kamili, tiba kwa burudani, na chombo cha kuwathibitisha wataalamu wake kiliundwa mwaka 1981. Anayeisomea kwa njia ya kawaida huhitaji shahada, mafunzo ya vitendo ya saa 560 chini ya msimamizi, na mtihani. Hujifunza mwili na maradhi, kisha hujifunza kumuuliza mgonjwa alikuwa akipenda nini kabla ya ajali.

Wakuu wa vyuo vyetu vya tiba, fungueni mlango wa taaluma hii. Nawe kijana mwenye subira na moyo wa michezo, usingoje: nenda kwenye kituo cha watu wenye ulemavu kilicho karibu nawe, ujitolee.