Cheo ni dhamana: wachungaji wakulima wa Manitoba na Saskatchewan

Msikilizaji mmoja ameniandikia barua akitaka kujua jambo moja. Anasema katika usharika wake kumekuwa na ugomvi wa miezi mingi juu ya posho ya mchungaji, na katika ugomvi huo mzee mmoja alisimama akasema kwamba hapo kale watumishi wa Mungu hawakulipwa hata senti moja. Mwandishi wa barua anauliza: je, ni kweli? Na kama ni kweli, watu hao waliishi vipi?

Swali hilo lina majibu mengi, kwa sababu makanisa ni mengi. Leo nitajibu kwa kulitazama kanisa moja tu, la Wamennonite, na si wale wa hapa kwetu, bali wale walioishi kama wahamiaji katika nyanda za majani za Kanada na Marekani. Wasikilizaji wa Mara watashangaa kidogo, maana kwao jina Mennonite ni Shirati na Musoma. Ni kweli wamisionari wa kanisa hilo walifika Shirati mwaka 1934, na mwaka 1967 Zedekia Kisare akawa askofu wake wa kwanza Mwafrika. Lakini wamisionari wale walitoka Pennsylvania, mashariki ya Marekani, na asili ya wazee wao ilikuwa Uswisi na Ujerumani. Hawa ninaowazungumzia leo ni tawi jingine la mti ule ule, tawi lililozunguka dunia kabla ya kutua.

Mti wenyewe unaitwa kwa jina la Menno Simons, kasisi wa Kikatoliki wa Friesland, Uholanzi, aliyeacha ukasisi mwaka 1536. Wafuasi wake walibatiza watu wazima tu, walikataa kula kiapo, na walikataa kushika silaha. Kwa hayo matatu waliteswa na kufukuzwa. Wengi walikimbilia karibu na Danzig, kwenye mdomo wa mto Vistula. Kuanzia mwaka 1789 wakahamia Urusi, wakilima nyika za nchi ambayo leo ni Ukraine, kwa kuwa Malkia Catherine aliwaahidi ardhi na kwamba vijana wao hawatachukuliwa jeshini.

Ahadi ile haikudumu. Katika miaka ya 1870 serikali ya Tsar iliamua kwamba kila kijana atumikie taifa. Mwaka 1873 wajumbe 12 walitumwa kwenda kuikagua Amerika. Kuanzia mwaka uliofuata watu wapatao 17,000 walihama. Kiasi cha 7,000 walikwenda Manitoba, Kanada, na wengine Kansas, Nebraska, Minnesota na Dakota. Waliosalia Urusi walikubali vijana wao watumikie misituni badala ya jeshini.

Sasa tuje kwa wachungaji. Katika vijiji vile hakuna mtu aliyeomba uchungaji. Hakukuwa na chuo cha kuusomea wala fomu ya kujaza. Ilipotokea haja, wanaume waliobatizwa walikutana, wakapiga kura, na jina lililopata kura nyingi ndilo lililochukuliwa kuwa chaguo la Mungu. Mtu alitoka nyumbani asubuhi akiwa mkulima wa ngano, akarudi jioni akiwa mhubiri wa maisha yake yote. Kukataa kulihesabiwa kuwa ni kuikataa sauti ya Mungu. Kumbukumbu za familia nyingi zinataja machozi ya siku ile, na hayakuwa machozi ya furaha.

Vyeo vilikuwa vitatu. Shemasi alitunza mfuko wa maskini. Mhubiri alihubiri. Juu yao alikuwapo yule ambaye kwa Kijerumani waliita Ältester, yaani Mzee, na mimi nitamwita Mzee Mkuu. Huyu alikuwa karibu sawa na askofu: yeye peke yake ndiye aliyebatiza, aliyetoa Meza ya Bwana na aliyeweka wakfu wahubiri wengine. Na wote watatu hawakuwa na mshahara. Walikula walicholima.

Fikiria maana yake. Mchana mtu yuko nyuma ya farasi na plau. Usiku, mbele ya taa, anaandika mahubiri kwa mkono katika daftari, au ananakili ya mtangulizi wake, maana mahubiri yalirithiwa kama shamba. Jumapili anayasoma kwa saa nzima na zaidi, kwa Kijerumani sanifu, ilhali nyumbani yeye na waumini wake husema lahaja yao, kama vile mtu wa kwetu azungumzavyo kilugha nyumbani na kusikiliza mahubiri kwa Kiswahili. Akifa mtu wakati wa mavuno, mhubiri huacha mavuno. Mzee Mkuu mwenye vijiji vingi hupanda gari la kuteleza juu ya theluji, katika baridi inayoweza kufika nyuzi 40 chini ya sifuri, kwenda kubatiza au kusuluhisha ugomvi.

Na shamba nalo hulimwa na nani? Na mkewe, na watoto. Mwanamke hakupiga kura katika mkutano ule. Hakuna aliyemwuliza kama yuko tayari. Hata hivyo siku mumewe alipochaguliwa, naye alichaguliwa. Mzee wa usharika wa msikilizaji wangu anaposema kwamba zamani watumishi hawakulipwa, anasema kweli, lakini asisahau kwamba gharama ilikuwapo, na kuna mtu aliyeibeba bila kuandikwa katika daftari lolote.

Wachungaji hao ndio waliowaongoza watu katika kuhama. Mzee Mkuu Gerhard Wiebe aliongoza koloni la Bergthal kuondoka Urusi karibu lote, matajiri na maskini pamoja, kati ya mwaka 1874 na 1876. Huko Kansas, Mzee Mkuu Jacob Buller alifika mwaka 1874 na karibu usharika mzima wa Alexanderwohl, watu wapatao 800. Hebu tafakari uzito wa jambo hilo. Mkulima asiye na mshahara anawaambia majirani wauze nyumba, wavuke bahari, waende wasikokujua. Akikosea, atakosea pamoja nao, na atazikwa pamoja nao.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Walichimba nyumba nusu ndani ya ardhi, wakaezeka kwa majani na udongo. Nzige wakala mazao ya kwanza. Mwaka 1875 serikali ya Kanada iliwakopesha walowezi wa Manitoba karibu dola 100,000 za kununulia chakula na mbegu. Mdhamini hakuwa benki. Wamennonite wa Ontario, waliotangulia kufika nchini, waliweka mali zao rehani kwa ajili ya ndugu ambao wengi wao hawakuwahi kuwaona. Deni lile lilimalizwa mwaka 1892.

Nisije nikawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Uongozi wa namna ile ulikuwa na ukali wake. Mzee Mkuu na ndugu zake waliweza kumtenga mtu na kanisa kwa kosa ambalo leo tungeliona dogo. Na waumini nao waliweza kumwacha Mzee wao. Johann Funk, Mzee Mkuu wa Wabergthal wa magharibi ya mto Red, aliunga mkono chuo cha kufundisha walimu katika mji mdogo wa Gretna. Aliona watoto wanahitaji walimu bora. Wengi wa watu wake waliona kwamba elimu hiyo ndiyo mlango wa dunia kuingia kanisani. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 walio wengi walijitenga, wakachagua Mzee Mkuu mwingine, na Funk akabaki na sehemu ndogo tu ya familia. Hakufukuzwa kazi, kwa sababu haikuwa ajira. Aliendelea kuishi na kulima jirani na wale waliomwacha.

Suala la shule liliendelea kuwatesa. Manitoba ilipolazimisha Kiingereza shuleni mwaka 1916, na wazazi waliokaidi wakatozwa faini na hata kufungwa, baadhi ya Wazee Wakuu waliona kwamba ahadi imevunjwa tena. Mwaka 1922 treni za kwanza ziliondoka zikiwa na familia, ng'ombe na majembe, kuelekea Mexico. Elfu kadhaa walikwenda.

Na hapa historia inafanya jambo la ajabu. Wakati Wazee Wakuu wengine wanawatoa watu Kanada, Mzee Mkuu mwingine alikuwa anahangaika kuwaingiza. Jina lake David Toews.

Toews alizaliwa Urusi mwaka 1870. Akiwa mtoto alisafiri na wazazi wake katika msafara wa Wamennonite waliokwenda Asia ya Kati, na mwaka 1884 familia ikafika Kansas. Alisomea ualimu, akahamia Kanada mwaka 1893, akawa mkuu wa shule katika mji wa Rosthern, Saskatchewan, na mwaka 1913 akawekwa wakfu kuwa Mzee Mkuu. Miaka michache baadaye habari za kutisha zilitoka kwa ndugu waliobaki Ukraine: mapinduzi, vita vya wenyewe kwa wenyewe, magenge yaliyoua watu vijijini, homa ya taifasi, kisha njaa ya mwaka 1921 na 1922. Watu walitaka kutoka, lakini hawakuwa na nauli. Tena Kanada yenyewe ilikuwa imewafungia Wamennonite mlango tangu mwaka 1919, na iliufungua mwaka 1922.

Mwaka huo Toews akawa mwenyekiti wa bodi ya Wamennonite wa Kanada ya kushughulikia wahamiaji. Bodi ile haikuwa na fedha. Kampuni ya reli ya Canadian Pacific ilikuwa na meli na treni, ikakubali kuwasafirisha watu kwa mkopo. Nani atadhamini? Mkataba ukatiwa sahihi kwa jina la Wamennonite wa Kanada, na anayetazamwa usoni alikuwa Toews. Kelele zikawa nyingi. Wenyeji wengi waliuliza: nani alimtuma kutuingiza katika deni? Je, wageni wasipolipa, mashamba yetu yatachukuliwa? Ndugu msikilizaji, hayo si maswali ya kijinga. Hata mimi ningeuliza.

Tarehe 21 Julai 1923 kundi la kwanza lilishuka Rosthern, na umati ulikuwa ukiwangoja stesheni. Hadi mwaka 1930 walikuwa wameingia zaidi ya watu 20,000. Miongoni mwao walikuwamo wahubiri, ambao sasa walikuwa vibarua wa mashamba ya wengine, wakihubiri Jumapili katika majengo ya shule, huku nao wakidaiwa nauli. Baadhi ya wageni walinunua mashamba yaliyoachwa na wale waliokwenda Mexico. Wasichana walipelekwa Winnipeg na Saskatoon kufanya kazi za ndani, na mishahara yao ikapelekwa kulipia safari ya baba, mama na wadogo zao. Kanisa liliwafungulia nyumba za kukutania na kulala siku ya mapumziko.

Kisha ikaja miaka ya 1930. Bei ya ngano ikaanguka, mvua ikakatika Saskatchewan, upepo ukachukua udongo. Riba haikungoja mvua. Deni pamoja na riba lilikaribia dola milioni 2. Wapo waliolipa yao yote, wapo walioshindwa, wapo waliokufa, na wapo waliokwepa. Toews, ambaye umri ulikuwa unakwenda, aliandika barua, alisafiri kutoka usharika hadi usharika, alisihi, alikemea. Mchungaji akawa mkusanya madeni. Kazi gani inayochukiwa kuliko hiyo? Lakini sharika zikachangia, hata watu ambao hawakuwahi kukopa senti, na kampuni ya reli nayo ikasamehe sehemu kubwa ya riba. Novemba 1946 deni likamalizika. Februari 1947 David Toews akafariki dunia.

Sisi tulizoea kusema kwamba cheo ni dhamana. Tumelisema mara nyingi mpaka limepoteza makali, tukadhani dhamana maana yake ni heshima. Mtu aliyewahi kusimama mahakamani kumwekea ndugu yake dhamana anaijua maana yenyewe: ni kusema kwamba huyu akikimbia, nishikeni mimi. Toews alikuwa na dhamana ya aina hiyo kwa zaidi ya miaka 20.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yalibadilika. Vyuo vya Biblia vilifunguliwa Winnipeg, vijana wakasoma, watu wakahamia mijini, na sharika nyingi zikaanza kuajiri wachungaji wenye mshahara. Cheo cha Mzee Mkuu kikatoweka katika makanisa mengi, ingawa makundi yanayoshika desturi za kale yangali yanachagua wakulima kwa kura. Sioni aibu katika mabadiliko hayo. Mchungaji anayelipwa ana muda wa kusoma na kumtembelea mgonjwa, na mkewe hana haja ya kuvuna peke yake.

Basi jibu langu kwa mwandishi wa barua ni hili. Mzee wenu amesema kweli, wapo watumishi ambao hawakulipwa. Lakini kabla hamjaitumia kweli hiyo kumnyima mchungaji posho, kumbukeni ilikuwa na upande wa pili. Waumini wale walimchagua mchungaji wao wenyewe kutoka miongoni mwao, naye hakuwa na mahali pa kuhamishiwa. Deni lilipokuja, halikuwa lake peke yake wala lao peke yao. Mkitaka uchungaji wa kale, uchukueni wote. Mkitaka wa leo, lipeni posho, kisha muulizane nyote, mchungaji na waumini: siku ya shida, nani miongoni mwetu atatia sahihi?