Ghala, Kikoa na Kuazimana

Msafiri atokaye Njombe kwenda kaskazini hufika Makambako baada ya kiasi cha kilomita 60, penye njia panda ya barabara kuu ya Zambia na ile ya Songea. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, nayo hupita hapo. Si ajabu, basi, kwamba Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una maghala Makambako. Hakuna atakayepeleka mahindi Dar es Salaam ili yarudishwe kumlisha mtu wa Njombe.

Habari za intaneti, lakini, zilisafiri hivyo hasa. Kabla ya 2004, ujumbe baina ya wateja wa makampuni mawili nchini kwa kawaida ulipaa kwa setilaiti hadi ng'ambo, ndipo urudi. Mwaka huo makampuni yakaanza kukutanisha mitambo yao Dar es Salaam, katika kituo cha TIX. Julai 2009 ukaja mkongo wa baharini wa SEACOM. Hata hivyo, filamu iliyohifadhiwa Ulaya ilibaki Ulaya. Dawa yake ilikwisha kubuniwa: Akamai, iliyoanzishwa Marekani 1998, iliweka nakala za maudhui katika seva nyingi zilizo karibu na watumiaji. Hifadhi hizo wataalamu huziita kache. Sisi twaonelea neno ghala latosha.

Hakuna mtandao wa kusambaza maudhui wenye ghala kila mahali. Kwa hiyo jopo la wahandisi liitwalo IETF lilieleza tatizo hilo katika waraka wa 2012, na mwaka 2014 likatoa kiunzi cha ufumbuzi: mtandao uliopokea ombi hulielekeza kwenye ghala la mtandao mwingine lililo karibu na mwombaji, kisha hupewa kumbukumbu za kilichotolewa ili mahesabu yafanyike.

Jambo hili tuliiteje? Wengine husema ushirika. Lakini mkulima wa Njombe alijua ushirika kwa vyama vyake, vilivyovunjwa 1976 na kurudishwa kwa sheria ya 1982. Humo mali ni ya wote, nayo mitandao hii haina mali ya pamoja. Ubia ni kugawana faida na hasara. Kikoa kingefaa kuliko yote, maana ni watu kulishana kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako. Ila wataalamu wa kompyuta wamekwisha kulitwaa kwa majina ya tovuti. Neno zuri hivyo, tunaona, liliuzwa kwa bei ya chini.

Limebaki kuazima. Mtu hukopa unga, akarudisha mwingine. Jembe huliazima, likarudi lile lile. Ghala lililoazimwa hubaki la mwenyewe. Kasoro yake twaikiri: mwenye jembe hadai malipo, na mitandao hudaiana. Kukodi kungeziba kasoro hiyo, lakini kukodi huenda upande mmoja tu, hali hapa mwazimaji wa leo ndiye mwazimwaji wa kesho. Mpaka lipatikane lililo bora, sisi tunaandika kuazimana maghala, na malipo tunayaachia mikataba.