Mluzi wa Berlin
Mwaka wa 1931 sinema za kuongea zilikuwa bado changa. The Jazz Singer ilikuwa imetoka Marekani 1927 tu, na kote watu walikuwa wamelewa sauti. Kule Ujerumani, Fritz Lang akatengeneza filamu yake ya kwanza yenye sauti, M. Ungedhani angejaza kelele. Wapi! Hakuweka hata muziki wa usuli.

Hii ndiyo filamu ninayoanza nayo nikiwafundisha vijana jinsi sauti inavyozaa hofu. Huwa wananuna kidogo, ati ni ya kina babu. Kwao hofu ni rahisi: chukua biti nzito, bandika juu ya picha, basi.

Hebu tazama Lang alichofanya. Muuaji wa watoto anapotokea mara ya kwanza hatuoni uso, ni kivuli tu juu ya bango. Kisha anamnunulia msichana mdogo, Elsie, baluni, huku akipiga mluzi: kipande cha Edvard Grieg, mtunzi wa Norway. Nyumbani, mama ameandaa chakula na anaanza kumwita mwanawe. "Elsie!" Sauti yake inapita juu ya ngazi tupu, chumba cha darini chenye nguo zilizoanikwa, sahani ambayo haijaguswa. Halafu sauti inakatika. Mpira unabingirika nyasini. Baluni imenasa kwenye nyaya. Kimya.

Mauaji yenyewe hatuyaoni. Hapa hata wale walionuna huacha simu, na honi za matatu huko nje zinaanza kusikika vizuri sana.

Baada ya hapo muuaji hahitaji kuonekana. Mluzi ukisikika tu, mgongo unakusisimka. Na anayemtambua ni nani? Si polisi, ambao wamepekua mji mzima. Ni muuza baluni asiyeona, anayekumbuka kwamba aliusikia mluzi huo siku Elsie aliponunuliwa baluni. Mimi naona huo ndio ujanja mkubwa wa Lang: kesi nzima ameikabidhi sikio.

Kuna kioja pia. Peter Lorre, aliyeigiza muuaji, hakujua kupiga mluzi. Lang alisimulia baadaye kwamba aliyeupiga ni yeye mwenyewe.

Kazi ya nyumbani huwa moja: tisha watu kwa sauti moja, bila muziki. Kijana mmoja aliniletea kufuli la geti likifunguliwa polepole, usiku wa manane. Nilimwomba azime.