Hata Dickens Aliogopa: Historia Fupi ya Hofu Barabarani

Mtu akikuambia anaogopa kuendesha gari, jibu la kwanza huku kwetu ni kicheko. La pili ni, "Sasa ukiogopa barabara utakula wapi?" Hata mimi nimewahi kucheka hivyo, mpaka zamu yangu ikafika.

Ilikuwa asubuhi. Nimebeba mzigo wa mamangu kwa Probox ya mzee, natoka Noonkopir naelekea Athi River. Trela ya saruji ikanipita, gari ikatikisika kidogo tu. Ghafla vidole vikaganda, kifua kikabana, masikio yakaziba kama niko ndani ya maji. Nilijua nakufa. Nikatoka barabarani, nikazima injini, nikakaa nimeshikilia usukani. Baada ya dakika kumi hivi yote yakapita, nikabaki na jasho na aibu.

Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa ndani ya matatu iliyopinduka usiku. Nilitoka na mkwaruzo kwa kiwiko, basi. Kila mtu aliniambia nina bahati, nami nikaamini hiyo stori imeisha. Kumbe ilikuwa inanisubiri. Nikaanza kusoma kwa sababu nilitaka kujua kama ni mimi peke yangu. Nilichopata ni historia ya zaidi ya miaka 150.

Tuanzie Uingereza, tarehe 9 Juni 1865. Treni inatoka pwani kuelekea London. Hapo Staplehurst, mafundi wameng'oa reli kwenye daraja ili waikarabati, na hawakutarajia treni saa hiyo. Mabehewa yakaanguka mtoni, watu 10 wakafa. Ndani ya behewa lililobaki likining'inia alikuwa Charles Dickens, mwandishi maarufu kuliko wote nchini mwake wakati huo. Alitoka mzima. Akachota maji kwa kofia yake, akahudumia majeruhi, halafu akarudi ndani ya behewa kuchukua karatasi za riwaya aliyokuwa akiandika.

Shujaa kabisa, sivyo? Lakini baadaye sauti yake ilipotea kwa siku kadhaa. Na kwa maisha yake yote yaliyobaki, treni ikishika kasi alishika kiti kwa nguvu, akatetemeka, akatoka jasho. Kuna safari alishuka njiani akamalizia kwa miguu. Alifariki tarehe 9 Juni 1870, miaka mitano kamili baada ya ajali.

Hakuwa peke yake. Wakati huo madaktari Waingereza walikuwa wanapokea watu waliotoka kwa ajali za treni bila kuvunjika mfupa, lakini hawalali, wanatetemeka, hawawezi kufanya kazi. Mwaka 1866 daktari wa upasuaji John Eric Erichsen aliandika kwamba uti wa mgongo wao ulitikiswa. Kampuni za reli, ambazo zilikuwa zinadaiwa fidia, zilikuwa na jibu lao: hawa wanajifanya. Mwaka 1883 Herbert Page, ambaye mwenyewe alikuwa daktari wa kampuni ya reli, akasema uti wa mgongo hauna shida na kwamba hofu peke yake inaweza kuufanya mwili uugue. Alisema hivyo kumpinga Erichsen, na kampuni zilifurahia, lakini bila kukusudia akawa amesema jambo la maana sana. Ilichukua karibu miaka 100 zaidi. Ni mwaka 1980 ndipo madaktari wa akili wa Marekani walipoyaweka rasmi kwenye mwongozo wao magonjwa mawili: lile la hofu kali ya ghafla, na lile linalobaki baada ya tukio la kutisha.

Sasa turudi nyumbani. Historia ya usalama barabarani Kenya ni historia ya vyuma. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni maalum, na biashara ikalipuka. Vifo navyo vikafuata. Februari 2004 zikaanza kutekelezwa sheria za Waziri John Michuki: vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mkanda kwa kila abiria, mstari wa manjano, sare kwa dereva na kondakta. Siku za kwanza matatu nyingi ziliegeshwa, watu wakatembea kwenda kazini. Mwaka 2012 ikaja sheria iliyounda NTSA.

Mwaka huohuo, mwezi wa Novemba, marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walizindua barabara mpya ya kwenda Namanga mpaka Arusha, ndiyo hii inayopita mlangoni kwetu. Kitengela ilikuwa tayari imefura tangu viwanda vya EPZ vifunguliwe miaka ya tisini. Sasa kukawa na lami laini, trela za kwenda mpakani, bodaboda, punda na watoto wa shule, wote kwa njia moja.

Mimi sipingi hivyo vyuma. Mkanda umeokoa watu. Shida yangu ni kwamba kila sheria imeweka kitu ndani ya gari, na hakuna iliyomuuliza kitu yule aliyetoka ndani ya gari akiwa hai. Tarehe 10 Desemba 2016, lori la kemikali lililipuka Karai, karibu na Naivasha, likachoma magari na watu karibu 40. Tarehe 30 Juni 2023, lori lilivamia steji ya Londiani likaua zaidi ya watu 50, wengine wakiwa wachuuzi wamesimama tu kando ya barabara. Tunawakumbuka waliokufa, na ni haki. Lakini yule mama aliyekuwa anauza mboga hatua tano kutoka hapo, anasikiaje leo lori likipiga breki?

Baada ya bomu la tarehe 7 Agosti 1998, lililoua watu zaidi ya 200 Nairobi, nchi ilielewa kwamba manusura wanahitaji ushauri nasaha. Barabara zetu huua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka. Piga hesabu: ni kama mabomu 20 kila mwaka, na manusura anaambiwa, "Shukuru Mungu, twende." Hata jopokazi la serikali kuhusu afya ya akili lilipendekeza mwaka 2020 kwamba magonjwa ya akili yatangazwe dharura ya kitaifa. Sisi bado tunacheka.

Dawa yenyewe ilipatikana hapahapa Afrika. Joseph Wolpe, daktari kutoka Johannesburg, alitibu wanajeshi wa Vita vya Pili vya Dunia waliorudi na hofu, akaona dawa na mazungumzo havitoshi. Mwaka 1958 alichapisha kitabu kuhusu njia yake: unatuliza mwili kwanza, halafu unaikaribia hofu kwa ngazi, kuanzia ile ndogo kabisa. Ukiikimbia inanona. Ukiirukia yote kwa siku moja inakumeza.

Ngazi yangu ilianza kwa kukaa ndani ya gari imezimwa, langoni. Halafu njia za mtaani. Halafu Isinya na kurudi, Jumapili asubuhi. Siku hizi nafika Athi River. Barabara ya Mombasa bado, na sioni haya kusema. Ikianza nikiwa njiani, nawasha taa za dharura, natoka barabarani kabisa, natoa pumzi polepole kuliko ninavyoivuta, nangoja. Hufika kilele kwa dakika chache kisha hushuka. Na kama ni mara yako ya kwanza kifua kubana hivyo, nenda ukapimwe moyo kwanza, usijitibu kwa kusoma posti yangu.

Huko Isinya kuna dereva wa trela niliyezoea kumuona akigongagonga tairi kwa rungu, moja baada ya nyingine, polepole. Siku moja nikamuuliza, "Mzee, tairi zinasumbua?"

Akaniangalia kidogo. "Kijana wangu, tairi ziko sawa. Niliona kitu hapo mbele miaka ya nyuma. Huwa nashuka nitulie, halafu naenda."

Miaka yote hiyo wenzake wanadhani anapenda tairi zake sana. Nikamkumbuka Dickens akishuka treni na kutembea. Mzee wetu pia hushuka, lakini hurudi kwa usukani, na hiyo njia aliigundua mwenyewe bila daktari kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Basi ombi langu ni moja. Mtu wako akitoka kwa ajali bila jeraha, mpe chai, mshukuru Mungu naye. Halafu wiki ijayo, na mwezi ujao, muulize analalaje. Na akikuambia anaogopa, meza hicho kicheko.