Zamani laini tatu, leo moja: pesa ya ndizi ilivyovuka mitandao

Leo naiacha mbolea kidogo. Mama mmoja wa soko la Mwika ameniuliza kwa nini zamani alitembea na laini tatu na sasa inamtosha moja.

M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008. Zikafuata Airtel Money na Tigo Pesa (siku hizi Mixx by Yas). Kila kampuni ilikuwa na mfumo wake wa kompyuta, na mifumo hiyo haikuelewana. Mnunuzi wa ndizi wa Dar es Salaam akikutumia kutoka mtandao mwingine, pesa haikuingia kwenye salio lako. Ulipata meseji yenye namba, ukaenda nayo kwa wakala wa mtandao wa aliyetuma, ukatoa taslimu. Kama wakala huyo hayupo kijijini, panda gari hadi Himo. Nauli imekwenda, na siku ya shamba imekwenda.

Mwaka 2014 Airtel, Tigo na Zantel walikubaliana kuunganisha huduma zao, na Vodacom ikaingia mwaka 2016. Kuunganisha kompyuta ni kazi ya mafundi. Kukubaliana maana ndiko kulikohitaji vikao. Mfumo mmoja ukiandika "imefanikiwa", pesa imetoka au imefika? Mtandao ukikatika katikati, nani anamrudishia mteja? Kampuni zinalipana vipi zenyewe kwa zenyewe?

Sisi wa mlimani tunalijua hili kwenye kahawa. Daraja AA hupimwa kwa chekeche, kwa hiyo mnunuzi kwenye mnada akisoma AA, iwe ya Kibosho au ya Mbinga, anajua ukubwa wa punje kabla ya kufungua gunia. (Ladha ni habari nyingine, AA haiisemi.) Linganisha na debe la mahindi: wewe unamaanisha la kufuta, mwenzako la kilele, na ugomvi unaanzia hapo.

Baadaye Benki Kuu ikajenga TIPS, kituo kimoja kinachounganisha benki na mitandao ya simu, badala ya kila wawili kuandikiana mkataba wao.

Kwa hiyo mama, laini moja inatosha. Ila kabla mikungu haijapakiwa, angalia salio kwenye simu yako mwenyewe. Meseji anayokuonyesha mnunuzi kwenye simu yake isikupandishie mzigo garini, na hata iliyoingia kwako inaweza kuwa ya kutengenezwa. Salio likishaongezeka, andika namba ya muamala kwenye daftari.