Amani: karne na ushei katika msitu wa ukungu

Anayepanda Amani kutoka Muheza huanza safari na joto la pwani na michungwa kando ya barabara. Akifika Zigi, chini ya mlima, hukuta nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni, kumbukumbu ya reli ya Wajerumani; leo ndipo wageni wa hifadhi wanapopokelewa. Kuanzia hapo ni kona juu ya kona, hadi unapokutana na ukungu ulioletwa na upepo wa Bahari ya Hindi. Mvua isiponyesha, majani yenyewe hudondosha maji.

Unyevu huo ndio uliowavuta Wajerumani. Mwaka 1902 walianzisha hapa Taasisi ya Biolojia na Kilimo, chini ya Franz Stuhlmann. Hawakuja kuhifadhi. Walitaka kujua ni mimea gani ya kigeni ingestawi na kulipa: kahawa, mpira, viungo, miti ya mbao, mkwinini. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga njia za baharini, magome ya mikwinini ya Amani yaliwapatia askari wa Mjerumani dawa ya malaria. Lakini bustani ya mimea ya taasisi hiyo iliacha na deni. Mti wa Maesopsis, ulioletwa kutoka ukanda wa Ziwa Victoria, ulipata rafiki: hondohondo hula matunda yake na kusambaza mbegu, na popote mti mkubwa unapoanguka, mgeni huyo huwahi kuota kabla ya wenyeji. Msitu bado unalilipa deni hilo.

Waingereza waliowafuata waliendeleza kazi ya kilimo, na kwangu mimi mtu wa kukumbukwa zaidi wa enzi yao hakuwa mtaalamu wa mazao. Reginald Moreau aliajiriwa mwaka 1928 kushughulikia hesabu na maktaba. Ndege hakuwasomea chuoni. Akiwa na mkewe Winifred, na wasaidizi Waafrika walioujua msitu kuliko yeye, alitazama viota siku baada ya siku, akiandika mayai ni mangapi, nani analisha makinda na mara ngapi. Kindege mmoja mwenye mdomo mrefu, mwepesi wa kujificha kwenye vichaka vya kutambaa, alipewa jina la Moreau mwaka 1931: Artisornis moreaui. Ndege huyo yupo bado, kwa idadi ndogo ya kutisha.

Utafiti wa kilimo ulihamia Muguga, Kenya, na nyumba za Amani zikachukuliwa na watafiti wa malaria, ambao kazi yao iliingia baadaye katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mbu wakachunguzwa kwa makini, miti ikasahauliwa. Katika miaka ya 1970 na 1980 misumeno iliingia kwenye misitu ya serikali, kwa mradi wa mbao uliosaidiwa na fedha za Finland. Wanasayansi na wapenda misitu walipiga kelele, ukataji ukasimamishwa, na Finland hiyohiyo ikageuka kugharimia uhifadhi. Naihesabu hatua hiyo kuwa ya heshima. Ni wachache wanaorudi kuziba tundu walilolitoboa.

Mwaka 1997 misitu kadhaa iliyokuwa imetengwa kila mmoja kivyake iliunganishwa pamoja na bustani ya mimea, na sehemu za msitu wa mashamba ya chai, ikawa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, hekta 8,380, ya kwanza ya aina yake Tanzania.

Kinacholindwa huonekana vizuri usiku. Mulika tochi kwenye majani ya vichaka, kimo cha kiuno. Utamwona chura mdogo ametulia, Nectophrynoides tornieri. Huyu hatagi mayai dimbwini wala hana viluwiluwi. Huzaa vyura wadogo waliokamilika. Jani la pili limelaliwa na kinyonga aliyepauka kwa usingizi.

Wanavijiji wanaozunguka hifadhi walipoteza sehemu za kulima na kukata kuni, na haki inataka lisemwe. Mradi wa kufuga vipepeo uliwapa wengi wao, hasa akina mama, njia nyingine: kupanda mimea inayoliwa na viwavi, kuwafuga, kisha kuuza pupa kwa nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Serikali ilipozuia usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016, vibanda vya nyavu vilibaki vitupu. Familia zilizoulinda msitu kwa kutegemea kipato hicho zinastahili kukumbukwa kila uamuzi wa namna hiyo unapopitishwa.

Na wewe msomaji uliyeko Tanga mjini, fungua bomba. Maji hayo yametoka bwawa la Mabayani, Mabayani inajazwa na mto Zigi, na Zigi unaanzia kwenye misitu hii.